Kabla Hujaniambia Kwamba Hauumi

Adelphi, Maryland, jioni ya kuamkia safari yako

Neema,

Umetoka kwenda Wheaton kuagana na wenzako, na masanduku yako mawili yamesimama mlangoni kama wageni waliokataa kukaa. Sitakuandikia habari za koti la mvua, wala za kumpigia bibi yako Koko simu ukitua, wala za kutolala na nywele mbichi. Hayo tumeyasema mpaka umeanza kuyaimba kwa sauti yangu ili unicheke. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Najua utasoma polepole, ukitembeza kidole chini ya maneno, na ukikwama utanung'unika. Ndivyo ninavyotaka. Kwa Kiingereza unanishinda mbio. Unajibu kabla sijamaliza kusema.

Naogopa, mwanangu. Nimekaa na neno hilo tangu Jumapili na sijapata lingine la kulifunika. Siogopi ndege, siogopi baridi ya kule Ayalandi, siogopi wavulana, ingawa Mama Esperansi anadhani ndio wanaoninyima raha. Naogopa mguu wako wa kulia.

Jumapili baada ya ibada akina mama walikuzuia ukumbini, chini ya kanisa. Mama Esperansi, aliyekusuka nywele tangu hujaanza shule, alivua kikwembe chake cha begani akakizungusha hewani.

"Leteni huyu mtoto hapa mbele! Anatuachia nani?" Kisha akakushika paja kama mtu anayenunua mbuzi. "Ee Mapendo, weye unamulisha nini huyu? Upepo ya kule itamubeba!"

"Umuache," akasema mwenzake kutoka nyuma ya sufuria ya majani ya sombe. "Hiyo ni miguu ya kwenda kushinda wazungu kwao."

Watu wakacheka, ngoma ikaanza, ukazungukwa. Ulicheza umejifunika uso kwa aibu, na kila mtu alikuwa akitaka kuuona uso huo. Mimi niliangalia chini. Mguu wa kushoto ulikuwa unatua. Wa kulia ulikuwa unagusa sakafu na kuondoka, kama mtu anayepima joto la maji. Niliendelea kupiga makofi. Nilitabasamu hata.

Garini, tukiwa tumesimama kwenye taa za University Boulevard, nilikuuliza.

"Mguu umeanza kuuma lini?"

"Mguu gani?"

"Wa kulia."

"Mama, please. Niko fine. Mimi sijui tu kucheza hizo zenu."

Ukaongeza sauti ya redio, ukaimba na redio.

Neema, mtu asiyeumwa akiulizwa hivyo huangalia miguu yake. Wewe uliangalia uso wangu, kuona ninajua kiasi gani. Nami nikanyamaza, kwa sababu swali lako nililifahamu. Niliwahi kuliuliza mimi, kwa sauti hiyo hiyo tulivu, nikiwa na umri karibu na wako.

Umekua ukiona ile picha moja sebuleni, mimi nimevaa jezi ya kijani, matope mpaka magotini, nacheka. Ukiwa mdogo uliwaambia walimu wako kwamba mama yako alikuwa mkimbiaji wa Ayalandi, nao wakaniangalia rangi yangu wakadhani unatunga hadithi. Picha hiyo ndiyo sehemu ninayopenda kusimulia. Mvua ya magharibi inayonyesha kwa ubavu. Chai kwenye ukumbi wa klabu baada ya mbio za nyika, na sandwichi zilizokatwa pembetatu. Wazee waliosimama kwenye tope la shambani wakiita jina langu kwa matamshi yao, "Mapéndo! Mapéndo!" kana kwamba nilizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwao. Sehemu nyingine nimekupa kwa vijiko, na nyingine nimeziacha chunguni.

Kwa hiyo nianze kabla ya jezi. Nilikuwa mtoto wa miaka kama saba tulipokimbia kutoka kwetu, upande wa Bukavu. Koko alikuwa na mimi mgongoni mwanzoni, kisha mdogo wangu akachoka, akambeba yeye, nami nikatembea. Tulikuwa watu wengi kwenye njia ya msituni. Nilikanyaga kitu, sijui kilikuwa mti au bati, kikaingia kwenye unyayo. Nilifungua mdomo kulia. Koko aliniziba kwa kiganja chake chote, mpaka pua, akaninong'oneza sikioni: "Nyamaza. Wakikusikia, tumekufa sisi wote." Nikanyamaza. Nilitembea na kile kitu mguuni mpaka tulipopumzika. Walipokitoa, mama mmoja alisema, "Huyu mtoto ni mukubwa," na Koko akanipangusa uso kwa kitambaa chake, taratibu, kama mtu anayepangusa sahani nzuri. Sikumbuki sifa nyingine iliyoniingia kama ile. Tulifika kambini, na miaka kadhaa baadaye tukapelekwa Ayalandi, na sifa ile nilifika nayo.

Tuliwekwa kwenye hoteli ya zamani pamoja na familia nyingine za wakimbizi. Nyuma yake kulikuwa na uwanja wa nyasi, na jioni watoto wa mji walikuja kukimbia. Nilikuwa nawaangalia kutoka dirishani, siku moja nikashuka. Kocha alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Donal, mtu mwenye masikio makubwa na viatu visivyokauka. Hakuniuliza kitu. Alinionyesha tu mstari wa kuanzia.

Nilirudi nyumbani nikatangaza kwamba nimepata klabu. Koko alikuwa anasonga bugali, hakugeuka.

"Klabu ya kufanya nini?"

"Kukimbia."

"Nani anakufukuza?"

"Hakuna, Mama. Ni mchezo."

"Mchezo!" Akaniangalia sasa, na mwiko mkononi. "Sisi tulikimbia risasi, tukasema Mungu tusaidie tusikimbie tena. Weye umekula, umeshiba, hakuna mutu anakufukuza, unakimbia bule?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Kwa miaka, kila nilipofunga kamba za viatu, aliniuliza kama wanaonifukuza wamefika.

Jambo ambalo yeye hakulijua, na Donal alilifurahia bila kulielewa, ni hili: katika mita elfu moja na mia tano kuna mahali, baada ya kengele ya mzunguko wa mwisho, ambapo kila msichana anaanza kuomba ruhusa ya kuacha. Unaiona mabegani mwao, unaisikia kwenye pumzi. Mimi sikuwa natoa sauti. Nilikuwa najua kunyamaza kuliko wote waliokuwa uwanjani, na nilishinda kwa hilo zaidi ya nilivyoshinda kwa miguu. Magazeti yaliandika kwamba nina utulivu. Nilisoma neno hilo nikafurahi, nikalichukua likawa langu.

Nilivaa jezi ya kijani ya taifa mara chache nikiwa kijana. Usidhani nataka kuichafua. Nilipokuwa nimeivaa hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi. Ndipo kosa lilipoingia, kwa sababu nilianza kuiona kama karatasi ya ukaaji, kitu kinachoweza kuchukuliwa tena asubuhi moja nikionekana sina faida. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Donal angelia kama angejua. Nilijiambia mwenyewe.

Nilipata nafasi ya kusoma na kukimbia huku Maryland, kama walivyofanya Waayalandi wengi kabla yangu. Huku nilijifunza kula kidogo. Wasichana wa timu walikuwa wanafanya hivyo wote, kwa adabu, wakisukumana sahani za majani. Siku zangu za mwezi zilipokoma, mwenzangu mmoja alinikumbatia chumbani: "Basi uko tayari kwa msimu!" Tulikuwa tunafurahia mwili uliokuwa unazima taa chumba kimoja baada ya kingine. Nisikudanganye kwamba hatukuwa na akili. Nilikuwa nasoma biolojia ya mimea. Ningekueleza mchana kutwa jani hufanya nini likikosa chakula.

Kiangazi kile nilirudi Ayalandi kwa mbio za taifa, ambazo zingechagua timu ya kwenda mashindano ya Ulaya. Mguu ulikuwa umeanza kuuma tangu majira ya kuchipua. Nitakueleza ulivyouma, na nakuomba uache kusoma hapa ujipime. Mwanzoni uliuma nikianza kukimbia, ukapona nikipata joto. Baadaye haukupona nikipata joto. Baadaye uliuma nikiwa nimelala tu. Na maumivu hayakuwa yametapakaa kama ya msuli. Ningeweza kuyafunika kwa ncha ya kidole kimoja, kwenye mfupa, upande wa ndani wa muundi. Kama una mahali hapo, Neema, tayari unapajua, na tayari umeacha kupagusa.

Donal alinishuku. Alikuwa na njia yake ya zamani: alikuambia uruke kwa mguu mmoja mbele yake, mara kadhaa, huku akikuangalia uso. Mfupa wenye ufa haukubali kutua hivyo, na uso husema. Nilijua ataniomba, kwa hiyo nilikwisha kufanya mazoezi chooni nikishikilia sinki. Nilipata ufundi wake. Nilicheka kila nilipotua, ili uso uwe na kazi nyingine.

"Ni ule mguu, Mapendo?" akaniuliza.

"Mguu gani?"

Akanipigapiga bega. Aliniamini, kwa sababu sikuwa nimewahi kumdanganya.

Mbio zile zilikuwa Dublin. Kengele ilipolia nilikuwa wa pili, na nilijisikia mwepesi, hilo nakumbuka. Kwenye kona ya nyuma nikasikia mlio. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu anavunja kijiti kwenye chumba cha pili. Nikapiga hatua nyingine, na nyingine, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa hivyo na mwili wangu wote, mpaka mguu wenyewe ukakataa kuwepo. Watu walinisimulia kwamba nilianguka bila sauti. Mhudumu wa machela alidhani nimezimia, akashtuka aliponiona macho yangu wazi.

Koko alipanda basi kuvuka nchi nzima kuja hospitalini. Alikuwa amebeba bugali kwenye bakuli, imefungwa kwa kitambaa, imepoa. Aliuangalia mguu uliotundikwa, akaangalia mikono yangu ilivyokuwa vijiti. Hakuuliza nani alinifukuza.

"Ilianza kuuma leo?"

"Hapana. Zamani."

"Kwa nini hukusema?"

Nilimwambia kwa hasira, kwa sauti ambayo sikuwahi kumtolea: "Wewe ndiye ulinifundisha nisiseme."

Akafungua kitambaa, akamega tonge, akalishika bila kulila wala kunipa.

"Nilikufunzaka vile juu ya ile njia," akasema. "Ile njia ilishakwisha, mutoto yangu. Hakuna mutu alikuambia?"

Sikukimbia tena kwa jezi. Mfupa uliunga, lakini kila nilipotaka kuongeza mwendo kitu ndani yangu kilisikiliza, kikingoja mlio. Nilirudi huku kwa magongo. Nilianza kula, nilianza kucheka na baba yako. Siku zangu zilikuwa hazijarudi, nikajiambia kwamba basi siwezi kushika mimba. Ndivyo ulivyokuja. Uliingia kwenye nyumba iliyokuwa bado na taa nyingi zimezimwa, na sikujua kama kuna chakula cha kukutosha. Miezi yote ile niliogopa mifupa yako. Kila daktari alisema uko salama, na kila mara niliomba waangalie tena miguu.

Nilidhani kuyasikia maneno yale ya Koko ni kuyaelewa. Hapo ndipo ninapopata shida kuandika.

Ulikuwa na miaka mitano au sita. Tulikuwa kwenye njia ya Sligo Creek, ulikuwa unanikimbilia, ukaanguka kwenye lami. Goti likachanika. Ukafungua mdomo. Nami nikasema, kwa furaha, kwa sauti ya kukutia moyo: "Inuka! Haiumi! Mtoto wa Mama halii!" Ukaufunga mdomo. Niliuona unavyoufunga. Ukainuka na damu inatiririka mpaka kwenye soksi, ukanitazama kusubiri, nami nikakupangusa uso taratibu. Kisha Jumapili nikawasimulia kanisani: "Huyu wangu halii." Wakakusifu, ukasimama wima kama askari mdogo. Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Ulipong'olewa jino. Baba yako alipohama. Sikukuziba mdomo kwa kiganja, Neema. Nilikuwa mpole kuliko hivyo, na kwa sababu ya upole wangu hukuweza hata kunikasirikia.

Hakuna aliyekuwa anatusaka Sligo Creek. Kulikuwa na watu wanatembeza mbwa.

Kwa hiyo wewe uliponiambia "mguu gani," sikusikia uongo wa msichana wa miaka kumi na minane. Nilisikia kitu nilichokupa mwenyewe kikirudi kwangu kimekua, kinazungumza vizuri.

Juzi nikiwa kazini Beltsville niliingia kwenye banda la miche wakati wenzangu wanakula, nikatoa namba ya kocha wako mpya. Nilikuwa nimepanga maneno. Mtoto wangu anakuja kwenu na ufa kwenye mfupa, msimwamini akicheka. Nikaona jina lake kwenye simu, nikaona kidole changu juu yake, nikaogopa mambo mawili kwa wakati mmoja. Nikipiga, nakunyang'anya sauti yako siku ile ile ninayotaka uipate, na utafika kule ukiwa mtoto ambaye mama yake alimsemea. Nisipopiga, wiki ijayo watakuweka na wasichana wenye kasi, nawe hutakubali kubaki nyuma, na mimi nitakuwa huku ng'ambo ya bahari, nikingoja simu. Naijua simu hiyo. Koko aliipokea. Ananiambia mpaka leo kwamba kabla hajaelewa Kiingereza cha yule muuguzi alikuwa ameshajua.

Sikupiga. Sijui kama ni hekima au ni ule ukimya wangu tena umevaa nguo nzuri. Nimeshindwa kutofautisha, na hilo linanitisha kuliko yote.

Inawezekana nimekosea. Inawezekana ni msuli, au ni kweli hujui kucheza zetu. Mama mwenye woga huona ufa hata kwenye kikombe kizima. Ningefurahi sana unicheke kesho mpaka uwanja wa ndege. Lakini kama kuna mahali pale unapoweza kupafunika kwa ncha ya kidole, basi sikia: nafasi yako kule haitakufa kwa wiki chache za kukaa. Na ikifa, itakuwa nafasi tu. Una pasi ya kule kwa sababu yangu, na pasi haiulizi umemaliza wa ngapi. Mimi sikulijua hilo. Nilidhani lazima nilipie kila asubuhi kwa miguu.

Nimemuuliza Koko. Anasema chumba kitakungoja, na kwamba hajali ukifika Septemba au Krismasi, mradi ufike una paja la kushikika. Tiketi inabadilishwa, nimeuliza pia.

Nilikuwa nimeamua kuiweka barua hii ndani ya sanduku, chini ya viatu vyako vya misumari, uikute kule. Hapo ningekuwa nimesema bila kusikilizwa, na hiyo ni aina nyingine ya kunyamaza. Kwa hiyo ukirudi kutoka Wheaton utaikuta kitandani, juu ya mto, mahali ambapo huwezi kuiruka.

Usinijibu kwa simu. Usinitumie ujumbe kutoka chumbani kama unavyofanya ukiwa umenuna. Nipo jikoni, sijala, na sina la kukusifia wala la kukugombeza. Njoo bila soksi.

Mama yako,
Mapendo